Kuipima Njia ya Pyongyang

Tarehe 4 Machi 2013 wenye tovuti ya The Pirate Bay walitangaza kwamba wamehamia Korea Kaskazini. Walidai kuwa kiongozi wa nchi hiyo mwenyewe amewakaribisha, na kwamba tangu siku ile watapigana vita vyao kutoka kwenye mtandao wa Pyongyang. Tovuti hiyo ilianzishwa Sweden mwaka 2003 na ilikwisha kuzoea kukimbizwa. Watu waliitumia kubadilishana filamu, muziki na programu bila idhini ya wenye haki. Polisi wa Sweden walizichukua seva zake tarehe 31 Mei 2006, na mwaka 2009 mahakama ya Stockholm ikawatia hatiani watu wanne. Baadaye chama cha siasa cha Sweden kinachotetea uhuru wa mtandao kiliibeba kwa muda, hadi Februari 2013 kilipotishiwa kushtakiwa kikaiachia, na vyama ndugu vya Norway na Hispania vikaipokea. Siku chache tu baada ya hapo, habari ya Pyongyang ikatoka.

Uvumi mwingi husafiri mikono mitupu. Huu ulibeba ushahidi. Mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo wa mitandao aliweza kuifuatilia njia ya kuelekea kwenye tovuti, na kwa macho yake akaona kwamba kituo cha mwisho kabla ya kufika kina anwani ya Korea Kaskazini. Aliyeona hivyo alikuwa na haki ya kuamini. Lakini walikuwapo wengine, wahandisi wa mitandao katika nchi mbalimbali, ambao waliona kitu kilekile wakasema ngoja tupime. Kazi yao ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, hatua kwa hatua, kwa sababu naiona ni moja ya kazi nzuri za mikono za zama zetu, ingawa mikono yenyewe haishiki chochote ila vitufe. Nitamwita fundi, yeyote yule awe, maana hatua ni zilezile na hadi leo hufuatwa vivyo hivyo.

Kazi huanza na jina. Jina la tovuti halina mahali. Ni neno ambalo kompyuta huligeuza kuwa anwani ya namba, na watu wawili wakiuliza jina moja wanaweza kupewa anwani mbili. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Uingereza iliagiza kampuni za intaneti za huko ziifungie The Pirate Bay, hivyo mtu wa London aliyelitafuta jina hilo huenda asipelekwe kwenye tovuti yenyewe. Fundi hataki kutumia siku nzima kupima kitu kisichohusika. Anafungua dirisha jeusi la amri, anaita programu ndogo inayojulikana kama dig, anauliza seva ya majina ya nchi moja, kisha ya nchi nyingine, kisha anaziendea seva zenye mamlaka juu ya jina lile. Kila jibu analiandika pamoja na saa alipolipata, kwa saa ya kimataifa, kwani kesho jibu linaweza kuwa jingine. Namba zikilingana, ana anwani ya kufanyia kazi.

Kutoka hapo anaingia kwenye sajili. Anwani za intaneti hugawiwa na mashirika matano ya kanda: Afrika ina AFRINIC, yenye makao Mauritius, Ulaya na Mashariki ya Kati zina RIPE NCC, mjini Amsterdam, Asia na Pasifiki zina APNIC, mjini Brisbane. Programu ya whois huuliza mashirika hayo namba fulani alipewa nani. Korea Kaskazini ni nyepesi kukagua kwa sababu anwani zake ni chache mno: fungu moja la anwani 1,024 linaloanzia 175.45.176.0, mikononi mwa kampuni ya Star, ambayo ni ubia na kampuni ya Loxley Pacific ya Thailand. Viko vyuo vikuu duniani vyenye anwani nyingi kuliko nchi hiyo nzima. Anwani ya The Pirate Bay haikuwamo kwenye fungu hilo. Ilikuwa ya Ulaya.

Mwenye haraka angesimama hapo akasema ni uongo. Fundi hasimami, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Anajua kwamba sajili inaeleza nani alipewa namba; haielezi namba hizo leo zinafanya kazi wapi. Mwenye anwani za Ulaya anaweza kuzipeleka Asia na zikafanya kazi vizuri kabisa. Kwa sababu hiyohiyo hategemei zile tovuti zinazokuonyesha bendera ya nchi ukibandika anwani. Nyuma yake kuna hifadhidata za kukisia, na makisio yana gharama. Kampuni ya Kimarekani ya MaxMind ilikuwa na anwani zaidi ya milioni 600 ambazo ilijua tu kuwa ziko Marekani, bila kujua ni wapi hasa, ikaziwekea alama moja karibu na katikati ya nchi. Alama hiyo ikaangukia kwenye shamba moja la Kansas. Kwa miaka mingi watu wa shamba lile walijiwa na maafisa wa usalama na watu wenye hasira waliotafuta wezi na matapeli, hadi mwaka 2016 mwandishi wa habari alipofichua chanzo chake. Fundi anaijua habari hiyo. Anaandika alichopata kwenye sajili, bila kukipa uzito kisichokuwa nacho.

Sasa anafuatilia njia. Chombo chake ni traceroute, kilichoandikwa na Van Jacobson mwaka 1987, na namna kinavyofanya kazi inapendeza kuitazama. Kila pakiti ya data inayosafiri kwenye intaneti hubeba namba ya ukomo. Kila ruta inayoipokea hupunguza moja. Namba ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti hiyo na kumpelekea mtumaji taarifa kwamba pakiti yako imeishia kwangu. Jacobson aligeuza taarifa hiyo ya kushindwa kuwa kipimo. Traceroute hutuma kwanza pakiti zenye ukomo wa moja, zikafia kwenye ruta ya kwanza, nayo ikajitaja. Kisha za mbili, kisha za tatu, na kwenye skrini njia inajijenga mstari kwa mstari: namba ya kituo, anwani yake, na nyakati tatu, kwa sababu kila kituo huulizwa mara tatu.

Mwezi Machi 2013 mistari hiyo ilionyesha Intelsat, kampuni ya setilaiti, kisha anwani ya Star ya Korea Kaskazini, kisha The Pirate Bay. Wengi waliishia kusoma majina. Fundi anajiuliza kwanza ni nani anayesema. Anwani inayoonekana kwenye mstari wa traceroute imeandikwa na kituo chenyewe kinachojibu. Aliyeishika ruta ya mwisho anaweza kuiagiza ijibu kwa anwani yoyote, na kama mtandao unaombeba hauchuji pakiti za namna hiyo, jibu litasafiri hadi kwako likiwa na jina la kuazima. Kwa hiyo mstari wenye jina la Pyongyang ni dai la mwenye ruta. Wakati ulioandikwa pembeni yake ni jambo jingine kabisa, na fundi anauhifadhi kwa baadaye.

Kabla ya kuufikia wakati huo, anakagua matangazo ya njia. Intaneti imeundwa na mitandao mingi inayojitegemea, na kila mmoja una namba yake: Star ni 131279, Intelsat ni 22351, China Unicom ni 4837. Mitandao hii hujulishana njia kwa itifaki ya BGP, ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 kwenye karatasi za kufutia mikono mezani. Mtandao hutangaza kwamba anwani fulani zinafikika kwake; jirani huongeza namba yake mwanzoni mwa orodha na kupitisha tangazo mbele. Ni kama msafiri anayetaja vijiji alivyopita kabla ya kufika kwako: unamwamini kwa sababu majirani zake nao wanamwamini. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitangaza njia ya anwani za YouTube ili kuifunga ndani ya nchi, tangazo likavuka mipaka, na kwa muda sehemu kubwa ya dunia ikaikosa YouTube. Hakuna aliyevunja mlango wowote. Tangazo liliaminiwa, basi.

Mwenye kutangaza anaweza pia kuandika kwenye orodha namba za mitandao ambayo hajapita. Akitaka ionekane kwamba njia yake inapitia Star, anaipachika 131279 kabla ya namba yake mwenyewe na kumkabidhi jirani asiyekagua. Fundi anaijua hila hiyo, na anajua alama inayoiacha. Kwa kanuni za BGP, mtandao ukiona namba yake ndani ya orodha ya tangazo unalikataa, ili njia isijizungushe. Maana yake ni kwamba tangazo la kughushi lenye namba ya Star lingekataliwa na Star yenyewe. Njia ingeonekana dunia nzima ikipita Korea Kaskazini, na Korea Kaskazini peke yake isiijue!

Hilo haliwezi kuonekana ukiwa nje ya Star, kwa hiyo fundi anatafuta linaloonekana. Anafungua kumbukumbu za matangazo. Chuo Kikuu cha Oregon kina mradi uitwao Route Views, wenye mashine zinazosikiliza matangazo ya BGP katika miji mbalimbali na kuyahifadhi. Moja iko Nairobi, kwenye kituo cha KIXP ambako kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data. RIPE NCC nayo ina mashine zake. Fundi anapakua faili za siku zile, anatafuta fungu la anwani za The Pirate Bay, anasoma tangazo baada ya tangazo. Njia ilibadilika lini? Kabla ya hapo ilipita kwa nani? Wakati ule Star ilikuwa na milango miwili ya kutokea, Intelsat na China Unicom; je, tangazo hili limetoka kwenye milango yote miwili kama matangazo mengine ya Star, au limechagua mmoja? Ni kazi ya macho na uvumilivu. Faili ni nyingi, mistari haina mwisho, na sehemu kubwa yake haina habari yoyote. Anaisoma hivyohivyo.

Kisha anafika kwenye wakati, na hapa kazi yake inapata uzito ambao hakuna ruta inayoweza kuupinga.

Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa safari ya kwenda na kurudi, milisekunde moja haiwezi kuvuka umbali unaozidi kilomita 100. Kutoka Stockholm hadi Pyongyang ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo pakiti haiwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 70 hata kama waya ungenyooshwa bila kona, na nyaya za kweli zina kona nyingi. Lakini njia iliyodaiwa haikuwa ya waya. Ilikuwa ya Intelsat, kwa setilaiti. Setilaiti zinazotulia juu ya ikweta ziko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwenda: kupanda na kushuka. Kurudi: kupanda na kushuka tena. Jumla ni zaidi ya kilomita 143,000, na hata mwanga usio na kizuizi chochote unahitaji milisekunde 477 kuzimaliza. Wasomaji wa pwani yetu waliotumia intaneti kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 hawahitaji kuelezwa kuchelewa huko. Karibu nusu sekunde ilikatwa kwa kila ombi, hata ukilipia huduma ya gharama gani.

Fundi ana uangalifu zaidi ya hesabu hiyo. Anajua kwamba pakiti inaweza kwenda kwa setilaiti na kurudi kwa waya, kwa sababu njia ya kurudi haiamuliwi na aliyetuma; basi anakubali uwezekano kwamba setilaiti ilivukwa mara moja tu, na kiwango chake cha chini kinashuka hadi milisekunde 239. Anaupa uvumi nafasi yake yote ya kuwa kweli. Kisha anapima: anatuma pakiti mia, usiku na mchana. Hatafuti wastani wa majibu. Anatafuta jibu lililorudi mapema kuliko yote, maana msongamano njiani huongeza muda na hakuna kinachoupunguza. Jibu moja lililorudi mapema kuliko mwanga unavyoruhusu linatosha kuiangusha njia nzima.

Pia anachukua kipimo cha kulinganisha. Anapima anwani ambayo hakuna anayebisha kuwa ni ya Korea Kaskazini, ndani ya lile fungu la 1,024, kutoka mahali palepale na saa ileile. Kama The Pirate Bay iko nyuma ya ruta ya Star, nyakati zake hazina budi kufanana na za majirani zake wa Pyongyang au kuzizidi. Zikiwa fupi, kuna tatizo.

Mahali pamoja pa kupimia hapamtoshi. Mtu wa upande wa pili anaweza kuagiza seva yake ichelewe kujibu ili ionekane iko mbali. Hawezi kuiagiza iwahi. Na kama anataka udanganyifu wake ulingane na ramani, itambidi majibu yafike kwa muda tofauti kwa kila anayeuliza: mfupi kwa wa Tokyo, mrefu kwa wa Amsterdam, mrefu zaidi kwa wa Nairobi. Fundi anamlazimisha afanye hivyo kwa kuuliza kutoka pande zote. Anatumia kurasa za wazi ambazo kampuni za mitandao huziweka ili mtu wa nje aweze kuziuliza ruta zao, na vifaa vidogo vya RIPE Atlas ambavyo tangu 2010 watu hujitolea kuvichomeka majumbani na maofisini mwao. Kila jibu analigeuza kuwa duara kwenye ramani. Milisekunde 30 kutoka Amsterdam: seva haiko nje ya kilomita 3,000 kutoka Amsterdam. Anachora duara la pili, la tatu, la kumi. Mahali yanapoingiliana ndipo mashine inayojibu inaweza kuwa. Ikitokea kwamba Nairobi na Stockholm zote zinapata jibu ndani ya milisekunde moja, fundi anajua kwamba anwani ile inatangazwa kutoka sehemu nyingi kwa pamoja, na kwamba kuitafutia mji mmoja ni kazi bure.

Kwa The Pirate Bay majibu yalirudi mapema mno. Njia iliyoandikwa kwenye orodha haikuweza kuwa njia iliyopitwa. Wahandisi waliandika matokeo yao yakiwa na vipimo vyote, ili mwingine arudie mwenyewe. Muda mfupi baadaye wenye tovuti wakakiri kwamba tangazo lile lilikuwa mzaha.

Kinachonigusa zaidi ni mahali fundi anapoishia. Angeweza kuandika kwamba tovuti iko Sweden, au Norway, na watu wengi wangemshukuru. Lakini Oktoba 2012 wenyewe The Pirate Bay walisema wamehamishia mashine zao kwenye kampuni za kukodisha seva katika nchi mbili, na kwamba wamebakiwa na ruta na mashine ya kugawa mzigo tu. Kinachojibu unapopima ni hicho kilicho mbele. Data yenyewe inaweza kuwa kwingine kabisa, na milisekunde hazikufikishi huko. Fundi anaandika: mashine inayojibu kwenye anwani hii, kwa tarehe hizi, haiko Korea Kaskazini. Hapo anaweka nukta. Wanasheria, polisi na waandishi wa habari wote walikuwa wanataka jina la mji, na asiye na subira angewapa. Kwa maoni yangu, sentensi hiyo fupi isiyozidi ushahidi wake ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii.

Chombo cha Van Jacobson kimo kwenye kompyuta nyingi. Kwenye Windows kinaitwa tracert. Siku utakapoletewa ujumbe kwamba tovuti fulani inaendeshwa kutoka nchi fulani, kifungue, andika jina la tovuti hiyo, acha mistari ijipange hadi mwisho. Majina ya vituo yasome, lakini usianze nayo. Anza na nyakati. Chukua ndogo kuliko zote kwenye mstari wa mwisho, zidisha kwa kilomita 100, kisha fungua ramani uone kama nchi inayotajwa imo ndani ya umbali huo.